Nilivyokufa Kisimani

Nilikufa mbele ya meza ya afisa wa uhamiaji, katika nchi ya baridi ambayo sijaikanyaga wala sina hamu ya kuikanyaga. Siku hiyo nilikuwa Ukunda, kibarazani kwetu, nashona buibui la mteja mwenye haraka na maneno mengi. Sikuhisi kitu. Uzi haukukatika, moyo haukushtuka, na jioni nilikula kama kawaida.

Aliyeniua ni mdogo wangu wa tumbo moja, na siku hiyo hiyo alimuua pia mama yetu. Nasema hivi kwa hasira na kwa mapenzi, maana mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

Alikuwa mhudumu wa hoteli Diani. Corona ilipoyafunga mahoteli alirudi nyumbani na sare yake mkononi, akakaa, akakonda. Baadaye mgeni mmoja aliyezoeana naye akamwalika kwao kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, yeye hakurudi. Mtu aliyefika hapo huwa amebakiwa na mlango mmoja tu, aombe hifadhi ya ukimbizi, na Mkenya wa Kwale hapewi hifadhi kwa sababu hoteli imefungwa. Wahamiaji wenzake wa kule wakamfundisha aseme yeye ni Mbajuni wa visiwa vya Somalia, kwa kuwa lugha yao na yetu hazipishani sana na huko visiwani watu waliuawa kweli. Lakini utaratibu wa kule una swali lake la lazima: una nani wa kumrudia? Ukiwa na mama aliye hai, una kwenu. Basi ilibidi sisi tusiwepo.

Alinipigia simu kunieleza, akanisihi nisimwambie mama. Mama alikuwa nyuma yangu anachambua mchicha, na simu yangu ile ukiongea nayo husikika mpaka barabarani.

Kwetu kumsema mtu mzima na uhai wake kuwa amekufa ni uchuro. Mtoto akitania hivyo huambiwa ateme mate chini. Nilimtazama mama nikitegemea atalia, au, Mungu apishe mbali, atamlaani. Aliweka sinia chini, akajongea karibu na simu.

"Na umesema tulisaliwa kabla ya kuzikwa?" akauliza.

Ndugu yangu akajibu kwamba afisa hakumuuliza hilo.

"Wakikuuliza tena, sema tulisaliwa. Usituache hivi hivi."

Akaurudia mchicha wake. Hakulizungumza tena jambo lile, lakini tangu hapo akawa anakaa sana juu ya mswala, na nikimwita haitiki mara moja. Alikuwa akinitazama kwanza, halafu ndipo aitike. Nilichukia kumwona hivyo.

Mimi nilibaki na swali langu, na siku mama alipotoka nikampigia ndugu yangu nikaliuliza. Nilitaka kujua nilikufaje. Alizunguka sana, akasema nisijali, ni maneno ya ofisini tu. Nikamwambia kama ni kifo changu nina haki ya kukijua.

"Kisimani," akasema. "Ulikuwa unateka maji, risasi ikakupata. Ndoo ilikuwa bado mkononi."

Kifo kile nilikifahamu. Kilikuwa cha binti wa jirani yetu.

Jirani huyu ni Mbajuni wa kweli. Alikimbia kwao vita vilipoanza, akakaa katika kambi iliyokuwa huku pwani, na kambi ilipofungwa serikali ikawataka wakimbizi waende kambi za bara, kwenye jangwa. Yeye hakwenda. Alisema amelelewa na bahari, hawezi kwenda kufa na vumbi. Akahamia mtaani kwetu, akaanza kuuza viazi karai mlangoni pake, bila karatasi yoyote ya kumtambulisha, na yuko pale mpaka leo. Sisi tumekua na harufu ya jiko lake. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa hakauki hapo, anakula viazi vya bure na kusikiliza. Na jirani yule alikuwa akisimulia: binti yake wa kwanza, kisima, ndoo. Watu walikuwa wanapanda chomboni, kila mmoja anakimbiza roho yake, na hapakuwa na wa kumsubiri mwenziwe. Alivua leso yake akamfunika binti, akamwacha pale pale. Hakuna aliyemsalia. Haya yote aliyasimulia kwa macho makavu, huku anageuza viazi.

Basi yule msichana akahamia kwangu. Mifereji yetu hukauka mara kwa mara, nasi hutegemea kisima kilicho nyuma ya msikiti. Nilikuwa nikienda kila siku bila fikira. Sasa nikiinama tu, naona kuna mtu amesimama mgongoni, kijana kuliko mimi, anangoja zamu yake. Nikawa nateka nusu ndoo na kuondoka mbio, watu wakadhani nimekuwa mvivu. Na jirani akiniita mwanangu, kama alivyoniita miaka yote, nywele zilinisimama.

Kesi ya ndugu yangu ilikataliwa. Alivyoelewa yeye, hawakumwamini kwa sababu alikieleza kifo cha mama yake kikavu mno, kama mtu anayeelekeza njia. Akakata rufaa. Wakati wa kungoja haruhusiwi kufanya kazi, na akitoka nje ya mipaka yao, kesi imekwisha na kurudi hakuna.

Mama akaugua katikati ya kungoja huko. Alilazwa Msambweni, na kila siku swali lake lilikuwa moja, kama wale watu hawawezi kumwachia mwanawe aje mara moja tu, amwone, kisha arudi kwao. Sikujua jinsi ya kumweleza mgonjwa kwamba huko yeye ni marehemu wa siku nyingi, na hakuna anayepewa ruhusa ya kuja kumwona marehemu. Nikamwambia kuwa anashughulikia. Mama akafariki macho yakiwa mlangoni.

Jirani ndiye aliyemwosha, mimi nikimmiminia maji. Tukiwa bado hatujamaliza, ndugu yangu alipiga simu, analia, anaomba jambo: jina lake lisitajwe, wala picha yake isionekane popote, kwa kuwa wale maafisa huchungulia simu za watu. Kwa hiyo tangazo la msikitini lilisema marehemu ameacha mtoto mmoja, wa kike. Waliotujua wakatazamana. Kule sisi tumekufa na huku yeye hakuzaliwa. Nilikaa matangani nikapokea mikono ya watu, na sikujua namlilia nani kati ya mama na ndugu yangu.

Rufaa ilisikilizwa mwaka huo huo. Aliniambia kwamba walimuuliza tena habari za mama, na alipofungua kinywa aseme yale aliyofundishwa, hayakutoka. Yakatoka yale niliyomsimulia mimi kwa simu: maji yenye karafuu maiti, sanda, ubani, na namna mama alivyomwulizia mwanawe mpaka mwisho. Alilia mpaka hakimu akasimamisha kesi ili anywe maji. Na wakamwamini.

"Nimewaambia alisaliwa, dada," akasema. "Na wewe pia nimesema ulisaliwa."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Ni ndugu yangu, na hatawindwa tena. Lakini nilipokata simu nilimkumbuka yule aliyebaki kisimani chini ya leso, nikashindwa kuinua macho kuangalia ng'ambo ya njia, kwa jirani.

Habari njema mtaani kwetu hazihitaji kutangazwa. Alasiri jirani alivuka, anajifuta mikono kwenye kanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi karibu na cherehani. Mimi nilijua kilichomleta. Wiki chache nyuma na yeye alikuwa ameitwa kwenye ofisi ya wakimbizi Mombasa, aeleze upya alikimbia nini ndipo apewe karatasi, na kijana wa pale akamwambia maelezo yake hayaridhishi, arudi siku nyingine.

"Mwanangu," akasema, "nduguyo aliwaambia nini hata wakamwamini? Nifundishe, nami nikaseme hivyo hivyo."

Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali. Haukwenda.

"Alilia, mama," nikamjibu. Ndiyo kweli pekee niliyoweza kuitamka mbele yake.

Alifikiri kidogo, akiangalia vidole vyake vyenye unga na binzari.

"Basi mimi sitaweza," akasema, akainuka kwenda kugeuza viazi.