Toronto ni Karibu Tu

Jumanne, kwa ofisi ya tiketi hapa Nakuru, mbele yangu alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Free Area. Binti yake amejifungua Toronto, naye anaenda kumsaidia. Hajawahi kupanda ndege.

"Ni masaa nane mpaka Amsterdam," karani akamweleza. "Unabadilisha ndege, halafu masaa mengine nane."

Mama akaweka kiganja kwenye ramani ya ukutani, kidole gumba Nairobi. Akanyoosha vidole vyote, Toronto hakuifikia. Akaurudisha mkono polepole.

"Mathe, unaogopa?" karani akamuuliza.

"Hapana. Huyu mtoto kila akipiga simu huniambia ni karibu tu, nisijali." Akapangusa macho. "Nikatie ya mapema kabisa."

Wengi wetu tuna mtu ng'ambo anayetudanganya hivyo, na hatumwambii tumejua.