Kidonge Nilichokichelewesha

Nesi alinielekeza vizuri, siwezi kumsingizia. Kidonge asubuhi, mchana na jioni, baada ya kula. "Usisubiri maumivu yapande, mama. Yakishapanda, dawa inayakimbiza kwa nyuma." Akanifundisha kugeuka kwa ubavu kabla ya kuinuka, na kubana kitenge kilichokunjwa juu ya mshono wa upasuaji nikitaka kukohoa.

Mtoto aliishi siku mbili. Ya tatu tukarudi wote nyumbani Chapwa: mimi na mshono wangu, yeye kwenye shuka jeupe, amepakatwa na mama mkwe.

Jioni hiyo sikunywa kidonge. Niliona haya, kama hilo ndilo neno lenyewe. Niliona dawa ya mzazi ni ya mtu mwenye mtoto wa kunyonyesha. Hakuna aliyenikataza. Mama mkwe aliniuliza, "Umekunywa dawa?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya.

Kwetu mtoto mchanga anazikwa na wanawake watu wazima, asubuhi mapema, pale kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mama yake haendi. Kulipokucha mimi nikaomba nimwone akishushwa kaburini.

"Haijawahi kuwa," akasema shangazi wa mume wangu.

"Wifi, kwani ulimzaa wewe?" Mama mkwe akanigeukia. "Mwanangu, ukiweza kusimama mwenyewe, utakuja. Kukubeba hatuwezi, mshono utafumuka."

Nikageuka kwa ubavu kama nilivyofundishwa. Tumbo likakaza kama limefungwa waya. Nikajaribu mara tatu. Ndipo nikatafuna kidonge hivyo hivyo kikavu, hata uji sijanywa, nikasema, "Nisubirini kidogo."

Walisubiri. Lazima niandike hivyo, walisubiri kweli, hata shangazi. Alikaa mlangoni mpaka jua likapanda juu ya bati la jirani. Akasema taratibu, "Mtoto jua litamkuta."

Wakatoka naye.

Nilisikia jembe. Sijui nilihesabu au nililia, sikumbuki vizuri. Halafu nikasikia maji kwenye beseni, wananawa. Hapo ndipo tumbo likalegea.

Nikainuka. Nikabana kitenge changu, nikafika mlangoni bila kushikwa na mtu.

Mama mkwe alikuwa anatoa udongo kwenye kucha. Akaniona nimesimama. Akaiacha tu mikono yake ndani ya maji.