Kikao Ambacho Sauti Yangu Haikufika

Mama alihamia kwangu Mtendeni mwanzoni mwa mvua, baada ya kidonda cha mguuni kukataa kupona kule kijijini Lusu. Anaumwa sukari. Nilimpa chumba cha mbele, nikamwomba jirani mmoja anayejuajua mambo ya umeme avute waya wa kebo kutoka sebuleni hadi kwake, ili apate runinga ya kutazamia Misa.

Tangu hapo intaneti yangu, inayopita kwenye kebo hiyohiyo, ikaanza vituko. Video zilifunguka bila shida, ila nikituma hata picha moja, inazunguka weee mpaka naachana nayo. Nikajua ni mvua tu.

Ndipo kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, akaitisha kikao cha familia kwa video. Niliwaona wote, na sauti zao zilisikika kana kwamba wako jikoni kwangu. Kaka akasema Mama ahamie kwake, karibu na madaktari bingwa, na nyumba ya Lusu ifungwe.

"Kaka, ngoja kwanza," nikasema. "Mama mwenyewe hajaulizwa."

Hakuna aliyeshtuka. Nikarudia, nikapaza sauti, nikapunga mikono.

"Dada ameganda," mdogo wetu wa kiume akasema. Baadaye aliniambia kwamba kwao picha yangu ilikwama nimeinamisha kichwa, kama mtu anayeitikia.

"Kunyamaza ni kukubali," kaka akasema. "Nitakuja kumchukua."

Nilipokimbilia simu, bando lilikuwa limekwisha. Nilipopata jingine na kumpigia kaka, kikao kilishafungwa.

"Sikukubali, kaka. Nilikuwa naongea, hamkunisikia!"

"Mambo yameshapita, mdogo wangu. Usianze kuvuruga."

Nilikata simu. Kugeuka, Mama amesimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Nani anachukuliwa?" akauliza.

Nikamweleza. Alirudi chumbani, akazima runinga, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, niliyompelekea na chai hakuyagusa.

Kesho yake nikamwita fundi wa kampuni ya kebo. Alifungua ukurasa wa modemu kwenye simu yake, akatikisa kichwa.

"Kinachoingia kinatosha," akasema. "Kinachotoka ndicho kinafia njiani. Modemu yako inapiga kelele kwa nguvu zake zote, kule kwenye mitambo yetu wanasikia mnong'ono."

Aliufuata waya hadi nje. Chini ya ukingo wa bati, kichwa cha kebo kilikuwa kimeingia maji, kimeota kutu. Akakikata, akafunga kipya. Hali ikawa afadhali, lakini si sana. Akarudi sebuleni, akachungulia nyuma ya kabati, akanionyesha splita, kile kidude cha kuigawa kebo mara mbili, ambacho jirani alikuwa amekiweka.

"Hiki nacho kinakula nguvu. Nikikiondoa itatulia, ila runinga ya chumbani itazimika."

Nilisita. Sauti ya Mama ikatoka chumbani: "Kiondoe."

"Na Misa je, Mama?"

"Nitasali hivihivi. Nataka kuongea na wanangu. Kwenye simu kaka yako ananikatiza. Nataka wote wanione."

Jioni hiyo nikamkalisha mbele ya kompyuta, kanga mpya mabegani. Watoto wake wakajitokeza mmoja mmoja, shikamoo zikagongana, naye akaitikia kila moja. Kisha akazungumza Kinyamwezi, taratibu, akimtazama kaka.

"Mguu ni wangu. Mkitaka nikatibiwe Dar, niombeni, nitafikiri. Ila msinipange kama gunia la karanga."

Kaka aliangalia chini kwa muda mrefu. Nilidhani laini imekwama tena, kumbe alikuwa anafuta macho.

"Nisamehe, Mama," akasema. "Basi kaa huko. Lakini ukizidiwa, asije mtu akanilaumu."

Sentensi hiyo hakumwambia Mama. Aliniambia mimi, niliyesimama nyuma ya kiti chake.

Mama bado yuko kwangu. Kila asubuhi nafungua bandeji, nasafisha kidonda, nalinganisha kingo zake na nilivyoziona jana. Siku nyingine naona kinafunga. Siku nyingine naona kimepanuka, nami nakaa na beseni mkononi, nisijue nimpigie kaka au ningoje hadi kesho.