Gauni Lisilo na Akiba

Mtaa mzima ulimwita Bonge, na alipopungua wakaendelea kumwita Bonge, maana watu hawakunyang'anyi jina la utani kwa sababu tu limekupwaya. Alikuwa fundi cherehani wa nguo za kike, mwenye kibanda chembamba kati ya duka la viatu na kinyozi. Kupungua kulimchukua mwaka mzima wa kutembea kwa miguu kwenda kazini na kuipunguza sahani yake bila kumsumbua mtu. Lakini kubaki pale alipofika, kazi ambayo hakuna anayekupigia makofi, hiyo ndiyo ninayomvulia kofia.

Mwili haukai kimya. Wiki hii umepungua, wiki ijayo umeongezeka, na wala hujala cha ajabu. Kila mizani ilipopanda Bonge alishinda amenuna, akifokea hata uzi. Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma aliwahi kupungua vilevile, kilo mbili zikarudi, akakata tamaa na kula kwa hasira mpaka zikarudi zote, tena na nyingine za ziada. Tangu hapo alijiogopa mwenyewe kuliko alivyoogopa chakula.

Ndiyo maana safari hii alifanya kosa ambalo ni fundi tu anaweza kulifanya. Kila fundi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili nguo iweze kutanuliwa siku mwenyewe akinawiri. Bonge alizipunguza nguo zake zote, kisha akaikata akiba yote hadi karibu na uzi, akaitupa. Alitaka njia ya kurudi isiwepo kabisa.

Kisha mumewe akalazwa. Mwezi mzima Bonge akawa mtu wa benchi la hospitali, akila kilichopatikana na kulala usingizi wa kuibia. Mume akapona, akarudi nyumbani na kuanza kulalamikia chai, dalili nzuri kwa mgonjwa wa aina yake. Asubuhi ya harusi ya binti wa wifi yake, Bonge akavaa gauni lake la buluu, na zipu ikagoma. Akabana pumzi, akavuta, akavuta tena. Pengo la vidole vitatu likabaki ubavuni. Akaketi kitandani na shimizi, machozi yakamtoka. Alilokuwa akiliogopa limefika, na moyo ulimwambia abaki nyumbani, afunge mlango, ale.

Mumewe akachungulia. "Mke wangu, gari linatusubiri."

"Nenda wewe. Mimi nimenenepa."

"Nani kasema?"

"Zipu."

Mume akakuna kichwa. "Sasa mteja akikuletea gauni kama hilo unamwambiaje? Aende kwao akakonde kwanza?"

Bonge akainua uso. Hajawahi kumwambia mteja hivyo, hata wale wasumbufu. Huwaambia, "Vua, dada, nipe dakika chache." Akafuta machozi kwa kiganja, akaisogelea cherehani yake ya nyumbani na kufumua gauni mbavu zote mbili. Akiba haikuwepo, kwa ubishi wake mwenyewe, na kitambaa cha buluu hakikuwepo pia. Kilichokuwepo ni mabaki ya kitambaa cha rangi ya machungwa. Akayatia yakaonekana mchana kweupe, toka kwapani hadi kiunoni, na ndani akaacha akiba nene.

Kule harusini akapokewa na wifi yake, mama wa bibi harusi, mwenye ulimi usio na breki. "Wifi! Hayo machungwa ni fasheni au umenenepa?"

"Nimenenepa," akasema Bonge. Lilimchoma kulisema, lakini alilisema.

Chakula kilipokuja akapakua sahani moja, akala taratibu na kwa raha, akatosheka. Wifi akamletea sahani ya pili, imejaa pomoni.

"Ongeza bwana, leo si umeshaharibu?"

Ndiyo maneno aliyojiambia mwenyewe miaka ile, kila jioni, mpaka kilo zote zikarudi.  Bonge akaisogeza ile sahani mbele ya mumewe.

"Sijaharibu kitu, wifi. Nimeongezeka tu. Nitapungua utaniona, na nikiongezeka tena utaniona vilevile. Sasa nipishe, nataka kucheza."

Akacheza mpaka bibi harusi mwenyewe akaomba wapumzike kidogo.