Mdogo Ndiye Anayeita

Mwaka ule wa Korona, tulipofungiwa ndani huku Smithfield, Australia, malori yalipungua barabarani, na kwa mara ya kwanza nikawasikia jirani zangu wakila. Ndiyo, rafiki yangu. Miaka yote niliyokaa kando ya uzio ule wa mbao nilikuwa nafanya kazi ghalani usiku na kulala mchana.

Kila jioni sauti ya mtoto ilikuwa ikiita, ikinyamaza, ikiita tena, ndipo vijiti vya kulia vilipogonga bakuli. Siku moja mama wa nyumba ile akanipitishia juu ya uzio samaki aliyepikwa kwa sukari na pilipili manga. Nikamwuliza mtoto wake anaimba nini.

"Haimbi. Anawakaribisha wakubwa, mmoja mmoja. Kwetu Vietnam mdogo ndiye anayeita."

"Na asipoita?"

"Hali chakula."

"Na njaa ikimuuma?"

"Basi ataita haraka."

Akaniambia kwamba simu yao huegemezwa kwenye chupa ya mchuzi wa samaki, na mama yake mzazi, aliyebaki Vietnam, hungoja humo zamu yake ya kuitwa. Kule ni alasiri tu, lakini bibi yule hushika bakuli lake la wali ili ale na wajukuu. Watoto wanaongea Kiingereza kutwa nzima, ila mezani kimepigwa marufuku.

Nikaingia ndani na samaki wangu, nikajikuta nimerudi Uvira, mji nilikokulia.

Nyanya yangu alipikia uani. Nilikuwa nasikia mchi ukiponda sombe, majani ya muhogo, tangu asubuhi, na mawese yakishaingia chunguni mtaa wote ulijua. Mimi, kitinda mimba, kazi yangu ilikuwa kuita. Namwita mjomba aliyekuwa akiziba matairi ya baiskeli za watu, namwita shangazi katikati ya kusukwa nywele, kisha jirani yetu mwalimu, ambaye kila siku alisema ameshiba na kila siku alikuwa ameshanawa mikono. Hakuna aliyemega ugali kabla sijarudi. "Mlo usio na mwito ni wa fisi," nyanya alisema.

Mwisho nilisimama barabarani nikamwita baba, aliyekuwa mbali migodini. "Baba, karibu chakula!" Watoto wenzangu walinicheka: "Unamwita nani wewe, vumbi la barabara?" Niliona aibu, lakini niliita.

Desturi hiyo sikunyang'anywa na Australia. Niliiacha mwenyewe. Nilikuwa narudi nimechoka, nakula nimesimama, nawaambia wanangu, "Chungu kiko jikoni, kila mtu ajipakulie." Walinitii. Sasa mwanangu, ninayeishi naye, alikula mbele ya kompyuta, na mjukuu wangu alibeba sahani yake chumbani akafunga mlango. Nikaona kwamba nikinyamaza, mtoto yule atakua bila kuniita hata mara moja.

Basi jioni ile nikapika ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, nikaweka kila kitu mezani, nikasema hakuna atakayegusa mpaka mdogo aite.

Mwanangu akacheka. "Baba, umekuwa Mvietinamu?"

"Nimekuwa mjukuu wa nyanya yangu. Kaa."

Mjukuu akanuna. Akasema kwa Kiingereza kwamba huo ni upuuzi na ana njaa. Nikamwambia njaa ni kitu kizuri, na aite kwa Kiswahili. Ugali ukapoa ukawa mgumu kama jiwe. Mwanangu akaninong'oneza, "Mwachie, Baba, ni mtoto." Nikamjibu kwamba yeye nilimwachia, na matokeo ndiyo haya.

Hatimaye mtoto akasema, akiitazama sahani, "Karibu chakula, Babu. Karibu, Baba." Mama yake alikuwa kazini, akihudumia wazee wa watu wengine. "Mama hayupo. Nimwite?"

"Huyo ndiye wa kuitwa zaidi."

Akageukia mlango, akamwita.

Leo jirani wale wamehama, na malori yamerudi. Wa uani kwetu Uvira wote wamekufa, na hakuna aliyebaki duniani ambaye mimi ni mdogo wake. Wanangu wengine wananiambia kwenye simu kwamba nang'ang'ania yaliyokwisha. Waseme. Huwaambia wasikate simu, naiegemeza kwenye chupa ya mawese, nao wanangoja, kila mmoja na sahani yake, mpaka mtoto awafikie.