Jiwe Lililoletwa Goma

Juma lililopita nilikuwa Kyeshero, kwenye kibanda cha fotokopi, nikingoja zamu yangu. Kando yangu msichana alikuwa akimsomea bibi yake kitabu anachokiandika: jinsi wazee wake walivyofyeka pori huko Kalengera, wakawa wa kwanza kuwasha moto pale, mpaka vita vikawafukuza.

Aliposoma kwamba bibi alikimbia na sufuria kichwani, bibi alimshika mkono.

"Sufuria ilibakia na maharagi ndani. Mimi nilibebaka jiwe. Figa moja ya jiko yetu."

"Koko, hii ni roman," msichana aliitetea riwaya yake. " Goma yote iko mawe! Nani atasadiki mutu alikimbia vita, akaleta jiwe huku?"

Kibanda kizima tulicheka. Kwa kweli, kuleta jiwe Goma! Hapa tunajikwaa kwenye lava kuanzia mlangoni hadi sokoni.

Bibi hakucheka. Aliweka ngumi zake mbili mezani, karibu karibu, akaacha nafasi ya ngumi ya tatu.

"Mawili niliacha kule, inaningojea. Ile jiko haijakufa, mutoto wangu. Inakosa moja tu."

Msichana akafuta *sufuria*, akaandika *jiwe*. Laiti wanaosema riwaya ni uongo mtupu wangekuwepo.

Nikirudi nyumbani nilijikwaa kama kawaida yangu. Kwa mara ya kwanza sikulitukana jiwe. Huenda nalo lina wenzake wawili wanaolingojea mahali.