Manzi ya Mama Syokau

Siku niliyokataa maji nikidhani napewa mchumba naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mama watoto asisikie nikisema hivyo. Mwanangu, kaa nikusimulie. Najua kesho unakwenda Kabiro na wenzako kupima watu masikio, na kile kifaa chenu kidogo kama punje ya haragwe, kinachorekebishwa kwa simu. Nimekishika, nimekistaajabia. Lakini kabla ya haragwe lenu kulikuwa na kisanduku chetu.

Nilikuwa kijana wa Kibera, fundi redio, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Injinia mmoja mpole alikuwa amekodi karakana ya mabati karibu na reli, akitafuta namna ya kutengeneza kifaa cha kusikia ambacho mtu wa kawaida angekimudu. Kilining'inia kifuani, waya ukapanda hadi sikioni, na kilitumia betri za tochi, zile zinazopatikana kila kioski. Tulibomoa redio mbovu nyingi ajabu. Injinia akaniita mtafiti, nami nikatembea Kibera nzima nimeinua shingo.

Wa kwanza kukijaribu alikuwa Mama Syokau, mzaliwa wa Kitui aliyeuza mboga sokoni Kawangware. Kanisani kwake yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Ila masikio yalikuwa yameanza kumtupa, akawa anaanzisha pambio mchungaji akiwa bado katikati ya maombi. Watu walicheka, baadaye wakaacha kucheka, na hapo ndipo alipoumia. Wazee wa kanisa walikuwa wameamua kwamba Jumapili ya mavuno wimbo utaanzishwa na mama mwingine. Alituambia hayo machozi yakimlengalenga. "Mkinirudishia masikio," alisema, "mmenirudishia kiti changu."

Tulimpima kwa kaseti. Sauti tamu ya mtu wa pwani hutamka neno, anayepimwa hulirudia, nami huweka alama. Kaseti ikasema "kuku," Mama akasema "nguku." Nikaweka kosa. "Mbuzi." "Mbui." Kosa. "Maji." "Manzi!" akajibu kwa furaha, nami nikacheka chinichini, maana kwetu vijana manzi ni msichana. Kosa tena. Injinia akazitazama zile alama, akatikisa kichwa, akaniambia niongeze sauti. Nikaongeza. "Nguku," akasema Mama, amefumba macho kwa kelele. Nikaongeza tena.

Jumapili iliyofuata kisanduku, kwa ile sauti tuliyoizidisha, kikapiga mluzi katikati ya mahubiri, watoto wakaanza kutafuta ndege kwenye paa. Mama alikivua akakitia mkobani. Injinia akakata shauri, kwa huzuni: masikio ya huyu mama yamekwisha, kifaa apewe mwingine. Nikatumwa Kawangware kukichukua.

Nilifika kwake midomo imekauka kwa jua. Mama Syokau alinitazama akanionea huruma. "Kijana, umechoka sana. Nikuletee manzi?"

Nikaruka. "Zii, Mama! Asante, lakini mimi niko na wangu huko Kibera!"

"Ati?"

"Niko na msichana wangu, Mama!" nilipiga kelele, hadi majirani wakachungulia.

Mkaza mwana wake, Mwende, alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata nguvu ya kuinuka akaniletea kikombe cha maji. "Manzi ndio hii," akaniambia. "Kwetu Kitui manzi ni maji. Na wewe ulikuwa ushaanza kuoa!"

Nilibaki na kikombe mkononi, sinywi. Maji, manzi. Kuku, nguku. Mbuzi, mbui. Kumbe alikuwa anasikia! Kila neno alilipata sawasawa, kisha akaturudishia kwa lugha ya nyumbani kwao, na sisi tukazidi kumpigia makelele. Nikamweleza Mwende, naye akamweleza Mama karibu na sikio. Mama alicheka kidogo, halafu akakunja uso.

"Nyinyi vijana," akasema, "mmepima Kiswahili yangu. Masikio yangu bado hamjapima."

Mwanangu, kofi lingeniuma kidogo kuliko maneno hayo. Nilirudi Kibera bila kisanduku, nikamsimulia Injinia. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akachukua koti lake tukaondoka pamoja. Safari hii Mwende ndiye aliyetamka maneno, kwa Kikamba, nami nikawa napunguza sauti badala ya kuongeza. Injinia akauliza swali ambalo hatukuwahi kuuliza: "Mama, wewe hasa unataka kusikia nini?"

"Amina," akajibu. "Nikiisikia Amina ya mchungaji, nitajua saa ya kuanza."

Basi tukakirekebisha kifaa pale pale kanisani, mchungaji akisema Amina mpaka akachoka.

Jumapili ya mavuno nilikwenda, mimi niliyekuwa nimesahau mlango wa kanisa uko wapi. Mchungaji aliomba kwa kirefu. Katikati akanyamaza kuvuta pumzi, nami nikaogopa ataanza, lakini Mama Syokau hakutikisika. Mchungaji akaendelea, akamaliza: "Amina." Yule mama aliyepewa kuanzisha wimbo akamgeukia Mama Syokau, akamwachia. Sauti ikapanda, kanisa zima likaitikia. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, usianze na simu. Anza na salamu. Muulize mtu kwao ni wapi, maji wanayaitaje, na ni sauti gani anayoikosa zaidi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, hata awe na mashine ya namna gani. Na hiyo mashine ikikuambia kwamba mtu hasikii, jiulize kwanza kama wewe umemsikia.

Mungu aibariki mikono yako, na hilo haragwe lenu pia, wengi warudi kwenye viti vyao. Na wakikukaribisha manzi huko Kabiro, tafadhali, kunywa.

Amina.